Hesabu nukta za kilele kabla ya kulaumu mashine

Mwaka wangu wa kwanza kwenye spektrometa ya masi (mashine inayotambua na kupima molekuli kwa uzito wake) hapa Nairobi, nilipima sampuli moja ya mahindi ya Nyamakima mara tatu, nikapata majibu matatu. Kikomo cha aflatoksini zote kwa jumla, ambazo ni sumu za kuvu, kwenye mahindi Kenya ni mikrogramu 10 kwa kilo. Jibu moja lilikuwa chini yake, mawili juu. Mwaka 2004 watu 125 walifariki Makueni, Kitui na maeneo jirani kwa kula mahindi yenye sumu hii. Ukilijua hilo, majibu ya namna ile yanakunyima usingizi.

Nikasafisha chanzo cha ioni, nikabadilisha kolamu (mrija unaotenganisha kemikali kabla hazijafika kwenye mashine), nikachanganya viyeyusho upya. Wiki mbili zikapita, na asetonitrili, kiyeyusho chetu kimoja, ikaisha. Kumbe vyuma havikuwa na neno. Kosa lilikuwa kwenye mpangilio nilioandika mwenyewe.

Tulikuwa tukitafuta sumu 30 za kuvu kwa mkupuo mmoja, kila moja kwa jozi mbili za ioni (molekuli yenye chaji na kipande kimoja kinachotoka inapovunjwa), jumla jozi 60. Kila jozi niliipa milisekunde 100, na 5 zaidi za mashine kuhamia jozi inayofuata. Zidisha: mzunguko mmoja unakula sekunde 6.3. Kilele, yaani mwinuko kwenye grafu sumu inapotoka kwenye kolamu, kwa aflatoksini B1 kwetu kina upana wa sekunde 12 hivi. Yaani mashine ilikiona mara mbili tu! Pengine iligusa ncha, pengine iligusa ubavu, na eneo chini ya kilele, ambalo ndilo hutupa kiasi cha sumu, likabadilika kila mara. Ukitaka eneo la kuaminika, lenga nukta, yaani vipimo, 10 hadi 12 kwa kila kilele.

Kilichonisaidia ni Skyline, programu ya bure ya maabara ya MacCoss, Chuo Kikuu cha Washington, Marekani. Ilianza kwa ajili ya protini, siku hizi inapokea molekuli ndogo pia. Unaiwekea orodha ya sumu na jozi zake, unapima viwango (sampuli zenye kiasi cha sumu kinachojulikana) mara moja bila ratiba, nayo inashika kila sumu hutoka dakika gani. Halafu fungua grafu yake ya ratiba. Inakuonyesha, kwa upana wa dirisha (muda ambao mashine husikiliza sumu fulani) unaoutaka, ni jozi ngapi zitasikilizwa kwa wakati mmoja. Kwetu zilishuka kutoka 60 hadi 15 pale penye msongamano mkubwa. Jozi 15 ukizipa milisekunde 60 kila moja, mzunguko haufiki sekunde moja, na kilele kinapata nukta 12.

Lakini usibane dirisha kupita kiasi. Kolamu ikizeeka, sumu huanza kutoka mapema au kwa kuchelewa. Ikitoka nje ya dirisha, utaandika "haikuonekana" kwenye mahindi yenye sumu, na hilo naliogopa kuliko nukta chache. Mimi huacha dakika 1.5, na kila asubuhi napima kiwango kimoja kwanza nione kama muda umesogea.

Wenzangu wa protini, mnaopima bila orodha, jaribuni RawTools. Nayo ni ya bure, inasoma faili mbichi za Thermo na kuonyesha muda wa mashine uliishia wapi.

Ila kwa leo usisakinishe chochote bado. Fungua faili yako ya jana, kuza kilele chembamba kuliko vyote, uhesabu nukta zake moja moja.