Jibu: Nasoma sura nzima, kesho yake sikumbuki kitu

Pole ndugu. Umesema unarudia sura ya Biolojia mara tatu, na bado kwenye mtihani kichwa kinakuwa kitupu. Si kwamba huna akili. Kurudia kusoma kunakufanya uyazoee maneno tu, ukadhani umeelewa. Soma aya chache, funga daftari, andika kwa maneno yako ulichokumbuka, kisha fungua uone ulichoacha. Inachosha, lakini usikate tamaa. Mwaka 2006 watafiti Roediger na Karpicke wa Marekani walilinganisha kurudia kusoma na kujipima hivi kwa kukumbuka: baada ya dakika 5 waliorudia kusoma walikumbuka zaidi, baada ya wiki 1, waliojipima ndio walioongoza. Jipime tena kesho, halafu baada ya siku 3. Na kalamu ya rangi ya kupakia mistari muhimu iweke kando kwanza.