Accra ya Desemba siyo Accra: kabla hujauza kiwanja nisikilize

Jamani ndugu zangu nimesikia. Mdogo wangu anataka kuuza kiwanja cha Chanika aje Accra afungue saluni na pembeni auze vitenge, kaniomba nimtafutie fremu, nilivyokaa kimya siku kadhaa mama mdogo akasema nimefika kuzuri sasa nawafungia wenzangu mlango. Hiyo kauli imenikaa rohoni. Naombeni nijibu kwa kirefu na nijibu wote kwa pamoja, maana najua kule Tanga kuna wengine wanasubiri atangulie mmoja ndo wafuate.

Kwanza hizo video za Accra ya Desemba mnazoziangalia. Najua zinapotoka. Mwaka 2019 serikali ya Ghana iliwaita watu weusi wa Marekani na kwingineko warudi nyumbani, miaka 400 tangu watumwa wa kwanza wafikishwe Virginia, na tangu hapo kila Desemba Accra inajaa watu wenye dola zao, matamasha, ufukwe wa Labadi, muziki mpaka asubuhi. Siyo uongo, ni kweli kabisa na hata mi Desemba nafurahi. Ila Januari wanapanda ndege wanaondoka tunabaki sisi na bei walizoziacha, kuna mitaa kama Cantonments na East Legon mwenye nyumba anakutajia kodi kwa dola wakati we mshahara wako ni wa cedi, hela ya huku. Na hamjaoneshwa kwamba kila mwaka kabla ya sikukuu ya Homowo wenyeji wa Accra, Waga, wanapiga marufuku ngoma na makelele mjini kama mwezi mzima hivi, mpaka makanisa yanaambiwa yashushe sauti. Mji huu una wenyewe. Hilo ndo nataka mlishike kabla ya mengine yote.

Nyumba nitaipita haraka. Dar mnalia na miezi sita, huku utaambiwa mwaka mzima au miwili ulipe kwa mkupuo. Sheria ya kodi ipo tangu 1963 inakataza mwenye nyumba kudai zaidi ya miezi sita mbele, watu wanaijua, madalali wanaijua, na hakuna anayekusikiliza ukiitaja kwa sababu nyuma yako wamepanga foleni watano wenye hela mkononi. Dalali anataka asilimia kumi yake, na kabla hujaona hata chumba anataka hela ya kukuzungusha. Mi nilizungushwa Madina na Adenta jua la saa nane, nikaoneshwa chumba na sebule mlango wa choo umefungwa kwa waya, rangi inabanduka ukiigusa, na dalali kashatoa kitabu cha risiti anauliza niandike jina gani. Nikalipa, maana nililala kwa watu na nilishawachosha. Sasa mdogo wangu piga hesabu, hela ya kiwanja ukitoa nauli ya ndege ya kupitia Addis au Nairobi, ukatoa kodi ya miaka miwili, unabaki na nini cha kununulia hata viti vya saluni?

Halafu hiyo saluni yenyewe. Hapa kaa chini usome taratibu. Ghana kuna sheria ya uwekezaji ya 2013, Sheria namba 865, imeorodhesha kazi ambazo mgeni haruhusiwi kabisa. Kuuza sokoni, kuchuuza, kuweka kibanda mahali popote. Saluni ya kike na ya kiume. Teksi kama huna gari kuanzia 25. Maji ya mifuko, yale ya kung'ata kona unanyonya. Kutengeneza madaftari, kuchapisha vocha za simu. Saluni imo mdogo wangu, imeandikwa, siyo mimi nimeitunga nikuzuie. Na ile ya kununua vitu na kuuza, yaani hivyo vitenge, sheria hiyohiyo ilimwekea mgeni mtaji usiopungua dola milioni moja na aajiri Waghana wenye ujuzi wasiopungua 20. Wewe una kiwanja kimoja cha Chanika.

Mtaniambia mbona Wanigeria wapo kibao wanauza simu. Wapo. Wale ni wa jumuiya moja ya Afrika Magharibi na Ghana, wanaingia bila viza wanakaa siku 90, sisi wa mashariki hatumo kwenye jumuiya hiyo, na hata wao wamefungiwa maduka, pale Circle hapa Accra na kule Kumasi wafanyabiashara wazawa walikuja na makufuli yao wakafunga, 2019 na 2020 ilikuwa habari kila siku. Hayo mambo hayajaanza leo. Mwaka 1969 Ghana iliwaondoa wageni wasio na vibali, wengi wao Wanigeria, 1983 Nigeria nayo ikawafukuza Waghana mamia ya maelfu, wamefungasha vitu vyao kwenye yale mabegi ya shangazi kaja wanapanga foleni mpakani. Watu wa kanda moja wanaooleana walifanyiana hivyo. Wewe wa Chanika nani atakutetea?

Na msianze kuwatukana Waghana. Julai 2025 kwetu ilitoka amri ya kuwakataza wageni biashara kadhaa, uwakala wa hela za simu, kutengeneza simu, duka la rejareja, na saluni imo vilevile labda iwe ya hotelini au ya watalii. Mama mdogo wewe ndo ulinitumia sauti umefurahi unasema afadhali Kariakoo itapumua. Nilikuelewa, nami nilifurahi kwa ajili yenu. Basi na wenzetu wanataka wapumue. Tukubali kwamba ukitoka kwenu na wewe ndo yule mgeni wa Kariakoo.

Kuna wanaoandikisha biashara kwa jina la mwenyeji. Usifanye, nakuomba kwa jina la marehemu bibi usifanye. Hapa mtaani kuna dada mmoja, siyo Mtanzania, alisuka watu akadunduliza akafungua kwa jina la rafiki yake, kioo kikubwa cha ukutani kanunua yeye, madrayer kanunua yeye, beseni la kuoshea nywele lile la kuinamia nyuma kanunua yeye. Walivyokorofishana rafiki alibadilisha kitasa tu. Dada alisimama nje anaviangalia vitu vyake kwenye kioo cha mlango na wateja wake wamekaa ndani wanaendelea kusukwa. Polisi angeenda kusema nini, kwamba alikuwa anafanya kazi asiyoruhusiwa kwa jina la mtu mwingine? Alikaa kwenye ngazi analia, mi nikampa maji, sikuwa na la kumwambia.

Mimi niko salama kwa sababu nina mkataba wa hoteli, nakaa mapokezi, kibali ameniombea mwajiri. Ila nisikilizeni vizuri maana hili ndo limeniuma zaidi na sijawahi kulisema. Kibali cha huku ni cha kuhuisha, na kipo kwa ajili ya kazi ile ile kwa bosi yule yule. Mteja akinitukana nanyamaza, zamu ikiongezwa bila malipo nanyamaza, siwezi kubwaga kazi leo nikatafute nyingine kesho kama nilivyofanya Dar, maana siku nikiiacha kazi na kibali nimekiacha. Bado kuna kadi ya utambulisho ya wageni nayo kila mwaka unailipia. Na kila unapohuisha kibali pasipoti yako inaondoka, inakaa huko ofisini wiki na wiki.

Bibi alifariki pasipoti yangu iko huko. Mlinipigia usiku, kesho yake baada ya adhuhuri mkamzika, ndivyo tunavyozika na ndivyo alivyotaka. Maziko nisingeyawahi kwa ndege yoyote, hilo najua. Lakini hitima ningewahi. Nilienda ile ofisi kila siku kabla ya zamu, nasimama dirishani, naambiwa bado iko mezani kwa mkubwa, njoo kesho, na nilivyokuja kuipata hitima ilishasomwa. Mkasema hela zimenilevya. Shangazi alisema mbele za watu kwamba nimetuma laki tatu kama ndo zinajaza pengo la mjukuu. Zilikuwa za mkopo kwa mwenzangu wa kazini zile, na sikuwaeleza habari za pasipoti kwa sababu niliona mtasema najitetea.

Na kilichoniumiza mara mbili ni kwamba nipo nchi inayomsubiri mtu. Waislamu wa huku, wa Nima na mitaa ya zongo, wanazika haraka kama sisi, lakini Waakan, kabila kubwa la huku, mtu akifa anawekwa mochwari wiki kadhaa, saa nyingine miezi, ukoo unakaa unapanga, wanasubiri mpaka mtoto aliyeko London au Toronto apate likizo. Mabango ya picha ya marehemu yanabandikwa barabarani, Jumamosi watu wanavaa nyeusi na nyekundu, turubai, viti, mchango unatangazwa kwa jina kwenye kipaza sauti. Zamani niliona ni gharama za bure kabisa na watu huku wenyewe wanalalamika zinawafilisi. Mwaka ule nilialikwa kwenye msiba wa mama wa mwenzangu, kaka yake kashuka toka Italia, nikawa namwangalia anavyopokelewa, nikatoka nikaenda kulia nyuma ya gari.

Hela. Mnaniuliza mbona mwaka 2022 nilipunguza kutuma. Mwanzoni mwa mwaka ule dola moja ilikuwa kama cedi 6, kufika Novemba ilishapita 13, mshahara wangu haukuongezeka hata pesewa. Desemba ile mfumuko wa bei ulifika asilimia 54 na mwezi huohuo serikali ikatangaza imesimamisha kulipa sehemu kubwa ya madeni ya nje. Nilikuwa naenda soko la Makola na cedi zilezile narudi na nusu ya nyanya. Mwenye kuuza anakupimia kwa kopo, olonka, akikuona una huruma anakuongezea mbili tatu juu, mwaka ule hata hizo mbili tatu ziliisha. Sikuacha kutuma. Nilituma kidogo na nilikula banku, ugali wao wa mahindi uliochachushwa, mara moja kwa siku ili kitoke hicho kidogo.

Sasa mdogo wangu usije ukasema dada kaiponda Ghana. Mi hawa watu nawapenda. Nimezaliwa Ijumaa basi mtaani naitwa Afia, wazee hawajui hata jina langu la kwetu. Niliumwa malaria jirani kaniletea waakye, wali na maharage, imefungwa kwenye jani na supu nyepesi yenye pilipili, kakaa mpaka nimemaliza. Ukimkuta mtu anakula lazima akukaribishe, kama kwetu zamani. Salimia watu, ukiingia kwenye kikao anzia kulia kwenda kushoto, na mkono wa kushoto usimpe mtu kitu, hata konda wa trotro, daladala za huku, usimpe nauli kwa kushoto, atakukatalia mbele ya abiria wote. Jifunze Kitwi. Ukija.

Ila usije. Yaani usije kwa kuuza kiwanja. Ukipata mkataba, karatasi yenye sahihi, kibali kimeombwa na nauli kalipa mwajiri, njoo hata kesho utafikia kwangu tutalala kitanda kimoja. Au njoo kutembea, njoo hiyohiyo Desemba, nitakupeleka Labadi na wewe upige video, nitakupeleka Kantamanto uone mitumba, usisahau tu kadi ya homa ya manjano. Kuna wasichana wanatoka kaskazini ya nchi hii hii, Waghana halisi, wanaitwa kayayei, wamebeba beseni la chuma kichwani lenye mzigo wa mtu mwingine na mtoto mgongoni, wanalala nje ya maduka sokoni. Kwao wenyewe. Nikiwaona nakufikiria wewe na huo ujuzi wako wa kusuka, unakuja kugombania nini hapa?

Wewe una mikono. Chanika inajengeka, saluni ndogo ya mbao mbele ya hicho kiwanja chako inawezekana na hakuna wa kukufungia mlango, jina ni lako na ardhi ni yako. Mi nitachangia drayer moja na kioo. Siyo zawadi ya kukunyamazisha, nataka kuwa na kitu changu nyumbani pia, siku kibali kikikataliwa niwe na pa kufikia.

Mama mdogo usinijibu kwenye grupu, nipigie. Baada ya saa tatu usiku ya huko, hapa inakuwa saa kumi na mbili jioni natoka zamu. Na huyo dalali wa kiwanja, kama kashachukua nakala za karatasi za mauziano, mfuateni leo azirudishe.