Redio ile ilinunuliwa na nani

Mwanangu,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu, na mara ya tatu nilitoka nje kwenye mwanga nikavaa miwani, maana nilidhani nimekosea sifuri. Sikukosea. Ni 2,400,000.

Umeniuliza hivi: "Mama, nimdai binamu, au niache yapite?" Mtoto wa shangazi yako ndiye aliyekuingiza kwenye huo mfuko wa kwenye simu, uliokuwa unakuonyesha faida kila siku hadi asubuhi moja ukagoma kufunguka, na kundi la WhatsApp likafungwa. Mwenzako alishatoa 600,000 zake kabla. Wewe hukutoa kitu. Na ndani ya pesa yako kuna 900,000 za mkeo, za mgao wa kikoba, alizoweka kwa ajili ya pango la fremu pale Mwanjelwa. Halafu chini kabisa, kama mtu anayekumbuka kusalimia majirani, umeandika: "Usimwambie mkamwana wako, bado hajui."

Hilo la chini ndilo lililoninyima usingizi. Nitaanza nalo, ingawa hukuniuliza.

Unaikumbuka ile redio kubwa ya kaseti, iliyokaa juu ya kabati hadi ukamaliza shule? Mlikuwa mnagombania nani abonyeze. Nilimwambia baba yako nimeinunua kwa faida ya viazi. Faida ya viazi! Lumbesa moja nilikuwa nasukumana na madalali barabarani hapa Mafinga mpaka jua linazama, na nikitoa usafiri na vibarua nabaki na pesa ya sabuni. Redio ile ilitoka kwenye mbegu.

Ilikuwa 2009, ulikuwa kidato cha tatu. Mjini Iringa kulikuwa na ofisi ambayo watu waliiita shamba. Ukiweka pesa hukusema umeweka, ulisema umepanda. Ukilipwa, umevuna. Nilipanda laki moja. Baada ya miezi michache nikavuna laki mbili na nusu, noti mpya, nikazihesabu chooni kwenye mgahawa wa stendi kwa sababu mikono ilikuwa inatetemeka. Sijawahi kusema hili kwa mtu: siku ile ilikuwa kati ya siku nzuri za maisha yangu. Nilipanda basi na ile redio mapajani, sikukubali kondakta aiweke kwenye buti, na tulipokuwa tunateremka kwenda Ipogolo nilijiona mwanamke mwenye akili kuliko wote humo ndani. Mwanangu, nimekulia kwa watu wa shamba. Ninajua mti hauruki mwaka. Nilikuwa nalijua hilo tangu sijaolewa, na siku hiyo nililisahau kabisa.

Nikarudi kupanda. Safari hii 800,000. Mtaji wangu wote wa viazi ulikuwa humo, na ada yako ya muhula wa pili pia. Risiti nikaificha kwenye kopo la unga wa ulezi, kwa sababu baba yako alikuwa hanywi uji wa ulezi.

Ngoja niseme na hili, kwa kuwa ndilo linalofanya nishindwe kukujibu vizuri. Sikupanda peke yangu. Nilimwita shangazi yako. Nilimwonyesha redio, nikaiwasha, nikaongeza sauti. Wifi yangu aliuza ng'ombe wake, akanipa 450,000 nimpelekee, maana mimi ndiye niliyekuwa naijua ofisi. Pesa ile niliibeba mwenyewe, nimeifunga kwenye khanga, nikaipeleka dirishani.

Serikali ilipoanza kusema kwamba huo ni upatu, sisi tulikasirikia serikali. Tulisema hawataki maskini wainuke. Nilikwenda kusimama kwenye ule mlango. Kufuli lilikuwa limetiwa, kuna manyunyu, ukungu hata jengo la pili hulioni vizuri. Kulikuwa na mzee mmoja amejifunga blanketi begani, ameshika risiti yake ndani ya mfuko wa nailoni isilowe. Kila mtu akija anamwonyesha: "Mwanangu, nisomee, inasema navuna lini?" Nilimsomea. Ilikuwa imeandikwa tarehe ya wiki iliyofuata. Sikujua nimwambie nini, nikamwambia asubiri.

Siku hizi ukiniuliza kuhusu hasara ile, ni huyo mzee ninayemwona, sioni ofisi wala wenyewe.

Baba yako hakuyasikia kwangu. Aliyasikia kwa dada yake, msibani kwa babu yako mdogo, mbele ya watu, wifi analia kwamba ng'ombe wake ameliwa na mke wa mwalimu. Alirudi nyumbani, akala, akalala. Siku kumi na moja hakunisemesha zaidi ya "naomba maji". Ya kumi na mbili alichukua daftari lako la hesabu, akaniita mezani kama anavyomwita mwanafunzi. Akauliza, "Ulipanda laki ukavuna mbili na nusu?" Nikasema ndiyo. "Kwa hiyo ili wewe uvune, lazima nyuma yako wapande watu wawili na nusu. Na hao nao, kila mmoja awe na wawili na nusu wake." Akaendelea kuzidisha, mstari kwa mstari, bila hasira. Kwenye mstari wa kumi ikatoka zaidi ya watu 9,000. Kwa mmoja tu, mimi! Akaniambia hapakuwa na shamba, hapakuwa na biashara yoyote, pesa ya anayeingia ndiyo inayolipa aliyetangulia, na siku waingiaji wakipungua kidogo tu, jambo limekwisha. Kisha akasema lile neno ambalo sijaweza kulitoa kichwani: "Basi redio hii aliinunua mtu aliyekuwa nyuma yako kwenye foleni."

Akafunga daftari. "Tutauza paini."

Wewe unajua paini ziliuzwa kwa ajili ya ada yako. Ni kweli, ila sasa unajua ada ya mwanzo ilikwenda wapi. Alizipanda 2002, ekari mbili, miche ameibeba kwa baiskeli. Zilikuwa na miaka saba. Paini ya mbao inataka miaka 15, wengine huiacha hadi 20, na mwenye kununua miti michanga anajua una shida, anakupa bei ya kuni. Nilikwenda naye siku wanakata. Hakusema kitu, alikuwa anaokota zile koni ndogo anazitia mfukoni. Mti hauruki mwaka, mwanangu, ila kwa msumeno unaukatia miaka yake yote asubuhi moja.

Hakunitukana hata siku moja hadi anaingia kaburini. Kilichomuumiza aliniambia mara moja tu, tukiwa tunapalilia: "Ungeniambia wewe." Pesa hakuitaja.

Kwa hiyo usiniambie unasubiri hali itulie ndipo umwambie mkeo. Haitatulia. Mwenzako aliyekuingiza ana mke, na huyo mke ni wifi wa mkeo, wanasuka pamoja. Nani unadhani ataanza kusema?

Yale mengine nayapitia haraka. Umesema kuna mtu amekupigia, anataka 200,000 za "kodi" ili akaunti yako ifunguliwe. Usitume hata shilingi. Anayekudai pesa ili akurudishie pesa ni yule yule, au ni mwenzake aliyeuziwa namba yako. Chukua taarifa ya miamala yako ya simu, usifute zile jumbe, nenda kituo cha polisi ukaandikishe upate RB, ile namba ya taarifa yako. Sikuahidi kwamba utalipwa. Lakini upatu wa namna hii ni kosa la jinai nchi hii, na jina lako likikosekana kwenye orodha, hata kikipatikana kidogo cha kugawana hutahesabiwa. Wifi yangu hakuandikisha, kwa aibu.

Tena usije ukachukia kila kitu kinachoitwa akiba. Januari 2018 Benki Kuu ilifunga benki tano kwa mpigo, na mojawapo ilikuwa ya hapo Njombe. Benki inapofungwa hivyo kuna Bodi ya Bima ya Amana, inayomlipa mwenye akiba mpaka kiwango fulani. Wakati ule kilikuwa 1,500,000, sasa kimepandishwa hadi 7,500,000. Benki nayo huanguka, ila chini pana mkeka. Mwalimu mwenzake baba yako alinunua vipande vya Mfuko wa Umoja, ule wa watu wengi kuwekeza pamoja, ulipoanza 2005, bei yake hutangazwa, hupanda polepole. Hakuna aliyemwambia atavuna mara mbili. Ule wako uliulizia una leseni ya nani? Hukuulizia. Na mimi sikuulizia, basi tuache.

Sasa, la binamu yako.

Nina jibu. Nimeliandika hapa jana usiku, asubuhi nimeichana karatasi. Moyo unaniambia ametoa 600,000, na hizo ni za watu waliokuwa nyuma yake, pengine zako mwenyewe, arudishe. Halafu nakumbuka mimi ndiye niliyembeba ng'ombe wa mama yake kwenye khanga. Nilimlipa wifi kwa viazi. Kila mavuno, miaka mitatu, gunia mbili namshushia mlangoni. Hakusema asante, hakusema imetosha. Alikuwa anapokea tu, anafunga mlango. Hakunidai hata siku moja, na kutodaiwa kule kulinikaa vibaya kuliko kudaiwa. Lakini pia kama angenidai mbele ya wazee nisingeingia tena kwenye msiba wa upande ule, na wewe usingekuwa na binamu wa kukuingiza popote. Unaona ninavyozunguka? Nikisema mdai, najisemea mwenyewe. Nikisema msamehe, najisamehe mwenyewe kwa mdomo wako. Nauma ulimi, na unauma kweli.

Ila kabla hujamwendea, muulize kitu kimoja kwa upole: zile 600,000 bado anazo, au naye alirudi akazipanda? Nilivyomjua mama yake, na nilivyojijua mimi, naogopa alizipanda.

Jumapili baada ya ibada nitapiga simu kama kawaida, na najua mkeo ndiye atakayepokea. Nitamsalimia, nitauliza wajukuu wamepona mafua. Sitaanza mimi. Lakini akiniuliza, "Mama, mwenzangu ana nini siku hizi?", sitaweza kumwambia hana kitu. Leo ni Jumatano.

Mama yako