Rimoti haijui saa za Kiswahili: kwa mnaoanza na darubini ya kompyuta

Usiku wangu wa kwanza na darubini ya kompyuta niliumaliza nikitazama majani ya mwembe wa jirani. Ilikuwa katikati ya Januari, hapa Dodoma, mvua ya mchana imeosha vumbi lote na anga limebaki jeusi ti. Betri mpya, miguu imesimama, watoto wa mtaa wamejipanga foleni. Rimoti ikauliza saa. Mimi nilikuwa nimeshika tochi, nikamwachia mpwa wangu abonyeze.

"Saa ngapi, mjomba?"

"Saa mbili na robo."

Akaandika 02:15. Rimoti haikubisha. Ikapendekeza nyota ya kuanzia, Spica, nami kwa ugeni wangu nikatafuta nyota iliyong'aa kuliko zote upande wa mashariki, nikaiweka katikati ya lenzi, nikabonyeza enta. Ikakubali. Nikaiomba inionyeshe Mwezi. Mota zikalia, bomba likageuka kwa madaha likatulia likiwa limekodolea mwembe. Mtoto mmoja akanivuta shati: "Mwalimu, mwezi si ule pale?"

Ulikuwa pale, kila mtu anauona isipokuwa mashine ya kutafutia vitu vya angani.

Spica mwezi Januari haichomozi huku kwetu mpaka karibu saa sita usiku. Nyota niliyoiweka mimi katikati ilikuwa Sirius. Darubini hizi nyingi hazina macho, zina hesabu tu: ukizipa tarehe, saa na mahali ulipo, zinachora anga kichwani mwao, kisha ukizionyesha nyota moja au mbili zinaoanisha mchoro ule na anga lenyewe. Dunia inazunguka digrii 15 kila saa. Kati ya 20:15 na 02:15 kuna saa sita, yaani digrii 90, robo nzima ya duara. Rimoti ilikuwa na anga la usiku wa manane wakati sisi tuko kwenye anga la baada ya chakula cha jioni.

Kwa hiyo jambo la kwanza kabisa, na nalisema kwa sababu hakuna kitabu cha maelekezo kitakachokuambia: badilisha saa kabla ya kubonyeza. Kuanzia saa moja usiku hadi saa tano ongeza 18, saa mbili inakuwa 20:00. Saa sita usiku ni 00:00. Ukifika saa saba usiku unatoa sita, inakuwa 01:00, na tarehe nayo imeshageuka. Waliokulia pwani wawe waangalifu zaidi hapo, maana kwa wazee wetu usiku wa Ijumaa ni ule unaofuata magharibi ya Alhamisi. Rimoti inataka tarehe ya ofisini.

Na tarehe yenyewe huandikwa Kimarekani kwenye rimoti nyingi, mwezi unatangulia siku. Ukiandika 12/01 ukimaanisha tarehe 12 Januari, yenyewe inasoma Desemba mosi. Nyota husogea karibu digrii moja kwa siku, kwa hiyo umeshapotea digrii arobaini na kitu, na sayari ndiyo usiziulize kabisa. Ukanda wa saa ni +3 kwa Tanzania, Kenya na Uganda. Rwanda na Burundi ni +2. Ikikuuliza kuhusu saa za majira ya joto, jibu ni hapana. Sisi hatusogezi saa.

Mahali ulipo, kama mji wako haumo kwenye orodha yake, andika latitudo na longitudo kutoka kwenye simu. Dodoma ni kama digrii 6 na dakika 10 kusini, digrii 35 na dakika 45 mashariki. Simu itakuandikia -6.17, na 0.17 hiyo si dakika 17, ni dakika 10, ingawa kosa dogo kama hilo halikuharibii usiku. Kosa la kuogopa ni kuacha herufi N badala ya S, kwa sababu vifaa vingi hutoka kiwandani vimeandikwa kaskazini. Ukikosea hapo, Dodoma yako inahamia upande wa pili wa ikweta, digrii 12 nzima. Wengine wanaunganisha darubini na simu kwa Wi-Fi, na hapo simu inajaza saa na mahali yenyewe. Ni njia nzuri. Ila mnaoanza, jifunzeni rimoti kwanza, maana simu huishiwa chaji saa ambayo sayari ndiyo imefika pazuri.

Sasa niguse suala la umeme. Darubini yangu ilikuja na kikasha cha betri ndogo nane. Zinatosha kuonja, hazitoshi kushiba. Mota zikiongeza mwendo betri zilizochoka zinashindwa, rimoti inazima na kuwaka tena kama imeshtuka, na kila ikiwaka upya inasahau ulinganisho wote, yaani zile nyota ulizoionyesha. Nilipoteza wiki mbili nikidhani kifaa ni kibovu. Dawa ilikuwa betri ya volti 12, amperi-saa 7, ile ile inayokaa ndani ya UPS na kengele za wezi, inapatikana kwenye maduka ya vifaa vya umeme. Mpelekee fundi akufungie waya wenye plagi inayoingia kwenye darubini yako, na fyuzi. Mwambie asome mchoro uliobandikwa karibu na tundu: kwenye nyingi chanya iko katikati. Akigeuza, unaweza kuunguza bodi, na bodi hizo Kariakoo hazipo.

Kazi nyingine zote zifanye mchana. Kitafutio, kile kidude cha kulengea chenye nukta nyekundu, hakikubaliani na darubini mpaka ukipatanishe mwenyewe. Chagua mnara wa simu ulio mbali, kilomita moja na zaidi, uweke ncha yake katikati ya lenzi ya milimita 25, kisha zungusha skrubu za kitafutio mpaka nukta ikae kwenye ncha ile ile. Gizani kazi hiyo inachukua nusu saa na matusi. Mchana dakika tano. Jua lisikaribie bomba kabisa, hata kwa bahati mbaya, hata kupitia kitafutio. Bila kichujio maalumu cha jua kinachofunika mdomo wa mbele, jicho linaungua bila kuuma, na ukishagundua umechelewa. Watoto wakiwa karibu, usiondoke ukaiacha wazi mchana.

Miguu iweke sawa kwa pima maji ya fundi mwashi kabla hujapandisha kichwa chenye mota. Usiivute miguu mpaka mwisho, ikiwa mirefu inatetemeka. Inatosha.

Sasa kulinganisha, ambako ndiko wengi wanakatia tamaa. Mimi natumia nyota mbili, na siruhusu rimoti inichagulie. Nyota mbili nzuri ziko pande tofauti za anga, si jirani, na hakuna kati yao iliyo utosini, kwa sababu nyota ya utosini haina upande: ukiisogeza kidogo tu, mashine inadhani umeihamisha kutoka mashariki hadi kusini. Januari mwanzo wa usiku nachukua Sirius mashariki na Achernar kusini. Julai nachukua Alpha Centauri kusini na Arcturus kaskazini. Sayari siziweki hapo, wala Mwezi.

Hapa kuna mtego wa majina. Kwenye rimoti nyingi Alpha Centauri imeandikwa Rigil Kent, na Rigel ni nyota nyingine kabisa, mguu wa Jabari, kundi la nyota ambalo Wazungu huliita Orion. Majina yote mawili yametoka kwenye neno la Kiarabu *rijl*, mguu. Mmoja ni mguu wa jitu, mwingine ni mguu wa kiumbe nusu mtu nusu farasi. Kabla hujanunua chochote jifunze nyota kumi kwa macho makavu. Programu ya ramani ya anga iitwayo Stellarium itakusaidia. Anza na Kilimia, maana hiyo bibi zetu waliifahamu kwa ajili ya kulimia, halafu Jabari, Sirius, Canopus, Msalaba wa Kusini na nyota mbili zinazouelekezea. Mtu anayejua nyota kumi hadanganywi na rimoti. Mimi ningeijua Spica, mwembe usingenipata.

Nyota ikishaingia kwenye lenzi, usiridhike na "ipo ipo". Badilisha lenzi. Darubini yangu ina kipenyo cha milimita 127 na urefu wa fokasi wa 1500. Lenzi ya 25 inakuza mara 60, ya 9 mara 167 hivi. Tumia ya 9 kuweka nyota katikati, tena uharibu fokasi kwa makusudi mpaka nyota ivimbe iwe sahani kubwa. Sahani ni rahisi kuiweka katikati kuliko nukta. Halafu kitu ambacho mzoefu mmoja alinionyesha bila maelezo, akinishika kidole tu: mwisho wa kila marekebisho umalizie kwa mishale ile ile miwili, wa juu na wa kulia. Ukipitiliza, rudi nyuma kabisa uje upya kwa juu na kulia. Gia za mashine hizi zina mchezo, meno hayashikani moja kwa moja mota ikigeuza mwelekeo, na ukimaliza kila mara kwa upande mmoja mchezo huo unabaki upande mmoja. Tangu siku hiyo vitu vinaingia vyenyewe kwenye lenzi.

Mtakutana na ushauri mwingi wa kutoka Ulaya na Marekani unaosema muilenge Nyota ya Kaskazini. Kwetu hapa Dodoma iko chini ya upeo wa macho, hata ukipanda paa. Ncha ya kusini ya anga nayo iko juu kidogo tu, digrii sita, ndani ya vumbi, na nyota iliyo karibu nayo ni hafifu mno. Ndiyo maana simshauri mgeni wa Tanzania au Kenya anunue stendi ya kiikweta, ile inayotaka ulenge kwanza ncha ya anga. Chukua ile inayozunguka kwa kulia na kushoto, juu na chini.

Lakini hiyo nayo ina donda lake, na kwetu linauma kuliko kwao. Ni utosini. Kwa wenzetu wa Uingereza sayari hupita upande wa kusini, chini kiasi. Kwetu, tulio karibu na ikweta, sayari na Mwezi mara nyingi hupita karibu na utosi, na pale juu kichwa cha mota kinalazimika kujizungusha haraka mno kufuata kitu kinachosogea taratibu. Utaona Zohali, yaani Saturn, inacheza cheza, kisha inatoka. Si ubovu. Subiri saa moja, itakuwa imeshuka digrii 15, au itazame mapema inapopanda. Uwe pia unaangalia waya wa umeme, kwa sababu kichwa kikizunguka kwenda kutafuta kinaweza kuufunga kwenye miguu kama mbuzi aliyefungwa kambani akizunguka mti.

Majirani. Mwambie mwenyekiti wa mtaa mapema. Bomba jeusi juu ya miguu mitatu, usiku, linalogeuka lenyewe na kulia, si kitu watu watakachokipita kimya. Mimi nililetewa sungusungu. Wakaja na marungu, wakaondoka saa tano wakibishana kuhusu ile miezi minne mikubwa ya Mshtarii, sayari ya Jupiter.

Kwa usiku wa kwanza wa wageni, Mwezi wa siku saba au nane unatosha, ule wa nusu. Mwezi mpevu hauna vivuli, mashimo yanafifia. Kuanzia Juni mpaka Septemba bara ni kukavu, na mwanzoni mwa kiangazi hicho Omega Centauri hukaa vizuri upande wa kusini, mpira wa nyota ambao Ulaya nyingi hawauoni kabisa. Pwani ni pazuri pia ila umande unalowesha kioo cha mbele. Funga karatasi nene au kipande cha mkeka wa mazoezi kizunguke mdomo, na usifute kioo kwa khanga.

Zohali ndiyo inayowafanya watu wapige kelele. Pete zake Machi 2025 zilitukalia ubavu zikawa kama uzi, na sasa zinafunguka mwaka hadi mwaka. Mwaka huu nilimwonyesha mama mmoja mtu mzima, jirani yule yule mwenye mwembe. Akatazama, akatoa jicho, akainama kuchungulia mdomo wa mbele wa bomba.

"Umebandika picha, mwalimu."

"Sijabandika, mama."

"Umebandika."

Nikaingia kwenye menyu, nikazima ufuatiliaji wa mota. Nikamwambia atazame tena asishike kitu. Haikuisha dakika moja, Zohali ikateleza mpaka ukingoni ikatoka. Akanyamaza. Kisha akaniuliza kama ni yenyewe inayokimbia ama ni sisi, na nilipomwambia ni sisi, akashika mguu mmoja wa stendi kama anayeogopa kuanguka, ulinganisho wote ukaharibika, ikabidi nianze upya na Alpha Centauri huku foleni ikinung'unika.