Kramponi za bakshishi na mabuti ya mitumba

SWALI: Shikamoo Mzee. Mimi ni mpagazi Kilimanjaro. Mteja aliniachia kramponi, yale meno ya kufunga chini ya buti kwa kukanyagia barafu, kama bakshishi. Mbele zina waya mgumu, nyuma zina klipu ya kubana. Mabuti yangu ni ya kutembelea, nilinunua mitumba pale Memorial. Mwezi ujao nakwenda Rwenzori, hadi kilele cha Margherita. Waya haushiki kwenye buti, ila fundi anasema ataukaza kwa mpira wa tairi. Itafaa? – Mpagazi, Moshi

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Huo mpira mwachie fundi afungie mizigo kwenye baiskeli.

Kramponi zako ni nzuri, ila si za mabuti hayo. Ule waya hukaa kwenye ukingo mdogo wa soli unaochomoza mbele ya vidole, na klipu hutaka ukingo mwingine kisiginoni. Mabuti ya kutembelea hayana hata mmoja. Wenye maduka huyapanga mabuti kuanzia B0 hadi B3, na kramponi kuanzia C1 hadi C3. Zako ni C3, zinataka B3, buti gumu kama ubao. C2 ina klipu nyuma tu, mbele ni kikapu cha plastiki chenye mkanda, kwa hiyo B2 linazitosha. C1 ni mikanda mbele na nyuma, hazitaki ukingo wowote. Buti gumu laweza kuvaa kramponi ya daraja la chini. Buti laini halipandi daraja.

Shika lako ncha na kisigino, ulikunje. Likikunjika kama ndala, ni B0, lisikaribie barafu. Likigoma na kupinda kidogo tu, tafuta C1 za chuma, meno 10 au 12. Za alumini ni nyepesi, lakini Rwenzori utakanyaga pia mwamba, na mawe huyala meno yake upesi.

Buti laini hupinda kila hatua, kramponi haipindi, basi kisigino huchomoka. Niliwahi kuona ya mwenzangu ikining'inia kifundoni kama kengele ya mbuzi, katikati ya mteremko. Alikuwa kwenye kamba, ndiyo maana tulishuka naye.

Urefu urekebishie nyumbani, si usiku wa manane ukiwa na glavu. Meno ya mbele yatokeze kama sentimita 2. Inua buti ulitikise: kikicheza kitu, anza upya. Angalia pia vibao vya plastiki chini ya kramponi, maana jua likipanda theluji hulowa na kugandamana kwenye meno, ukajikuta unatembea juu ya donge.

Halafu kuna hili linalowashangaza wengi wa Kilimanjaro: kule Rwenzori siku nyingi utavaa mabuti ya mpira, kwa matope yale! Ya mlima utayabeba hadi kambi ya Elena, mita 4,541, ndipo uyavae kwenda kileleni, mita 5,109. Kwa siku hiyo moja mimi nisingenunua B3. Kodi buti na kramponi kwa pamoja, uzijaribu ukiwa na soksi zile zile utakazopandia.

Za mteja wako zipake mafuta kidogo, uzifunge kwenye gazeti. B3 huonekana Memorial mara moja moja. Ukiona la saizi yako, usiondoke kwenda kutafuta bei ya chini.