Muulize Bi Fundi: Feni imesimama, kadi haijafa

SWALI: Bi Fundi, asalaam aleikum. Mimi ni mpiga video wa harusi hapa Langoni, Lamu. Narekodi shughuli za wanawake peke yao, na kuhariri nafanya mwenyewe nyumbani, ghorofa ya juu, madirisha yakitazama bahari. Kompyuta yangu ya mezani ina kadi ya grafiksi (ile inayochora picha za skrini) yenye feni mbili. Tangu upepo wa kusi uanze, feni moja inanguruma asubuhi nikiwasha, kisha inatulia. Wiki hii, ile feni ya pili imesimama kabisa. Nikianza kutoa video iliyokwisha kuhaririwa kazi inakwenda vizuri dakika chache, halafu inakuwa nzito, na juzi skrini ilizima. Fundi mmoja ameniambia nimpelekee kompyuta nzima abadilishe kadi. Siwezi, ndani mna harusi za watu. Na kadi mpya sina uwezo nayo sasa. Nifanyeje? – B., Langoni

JIBU: Waaleikumu salaam, mwanangu. Nianze na hilo lililokukaa moyoni. Kadi ya grafiksi haihifadhi picha. Kumbukumbu yake hushika kitu umeme ukiwapo tu. Ukizima, hakibaki chochote. Harusi za watu zimo kwenye diski, na diski haina sababu ya kutoka nyumbani kwako. Kadi inachomoka peke yake, unaiweka kwenye boksi la kadibodi na karatasi pembeni (si nailoni, nailoni huzaa umeme tuli), na fundi anaishughulikia bila kuigusa kompyuta yako. Umefanya vyema kukataa. Mwanamke aliyevua buibui mbele ya kamera yako alikuamini wewe, hakuiamini karakana ya mtu asiyemjua.

Pili, usiendelee kutoa video katika hali hiyo. Kazi kwenda vizuri kisha kuwa nzito ni kadi inayojinusuru. Kadi za GeForce GTX 10 za kampuni ya Nvidia, zilizoanza kutoka mwaka 2016 na ambazo bado naletewa sana hapa Malindi, hujipunguzia kasi joto likifika takriban nyuzi 83. Likizidi kupanda, hujizima. Kwa hiyo skrini kuzima kwako hakumaanishi kadi imekufa. Ulinzi wake ulifanya kazi. Lakini ulinzi huo haukuwekwa uutegemee kila siku. Kadi kama GTX 1060 hula hadi wati 120, na karibu zote hugeuka joto. Joto likikosa upepo hukaa kwenye chipu, kwenye kumbukumbu na kwenye vipande vidogo vinavyogawa umeme, na vipande hivyo vikiungua ndipo tunapolia kweli.

Ikiwa kuna kazi ya mtu isiyoweza kungoja, pakua MSI Afterburner, programu ya kupangia umeme na feni za kadi na kuonyesha joto lake. Ni ya bure na hufanya kazi hata kama kadi yako ni ya kampuni nyingine. Shusha kikomo cha umeme hadi asilimia 70, au chini zaidi ikikubali, na feni iliyobaki uiwekee kasi ya kudumu ya asilimia 80. Video itachelewa kutoka lakini itatoka. Kipimo cha joto kiwe mbele ya macho yako muda wote. Kikipita 80, simamisha.

Sasa, kwa nini feni zote mbili zichoke karibu wakati mmoja? Kwa sababu zimeanza kazi pamoja na zimekula chumvi ile ile. Feni za kadi nyingi za bei ya kati huzunguka juu ya bushi: shafti nyembamba ya chuma ndani ya mrija mdogo wa shaba ulionyweshwa mafuta. Mafuta yenyewe ni machache mno, na joto la kadi huyakausha mwaka baada ya mwaka. Tena kasha la kompyuta likiwa limesimama, kadi hulala, feni zake zikatazama chini na shafti ikaning'inia wima, mkao ambao bushi huchakaa nao upesi. Hayo yote humpata hata mtu wa Nairobi. Kinachotuzidi sisi ni bahari. Kusi likipiga mawimbi, chembe za maji ya chumvi huruka na kuingia madirishani. Chumvi huanza kuyeyuka yenyewe unyevu wa hewa ukifika takriban asilimia 75, na asubuhi huku kwetu unyevu hupita hapo mara nyingi. Ndiyo maana kichupa cha chumvi mezani hulowa, na watu hutia punje za mchele ndani yake. Chumvi hiyo ikutane na unga wa chokaa unaodondoka kutoka kuta za nyumba za kale za Lamu, pamoja na nyuzi za pamba za nguo, inakuwa tope linalonata kwenye kitovu cha feni na kuingia kwenye bushi. Mchana kadi ikipata moto tope hukauka, usiku hulowa upya. Mngurumo wako wa asubuhi unatoka hapo: shafti inasaga ukavu mpaka ipate moto na mafuta kidogo yaliyobaki yalainike.

Kazi ya kuisafisha unaiweza. Mtu anayeshona mkanda wa harusi ya siku tatu ukawa saa moja ana subira ya kutosha. Zima, chomoa waya ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja ili umeme uliobaki uishe. Gusa chuma cha kasha. Fungua skrubu zinazoshika kadi nyuma, chomoa waya wake wa umeme, na bonyeza kile kilimi cha plastiki mwisho wa soketi kabla ya kuvuta; wengi hukisahau wakavunja soketi ya madabodi, yaani ubao mkuu wa kompyuta. Kadi ikiwa mezani, zungusha kila feni kwa kidole. Feni nzima huteleza mizunguko kadhaa kabla ya kutulia, iliyokauka husimama papo hapo. Kisha shika kitovu na ukitikise taratibu. Kikicheza huku na huku, bushi imelika na mafuta hayataiponya.

Vumbi litoe kwa brashi laini ya rangi. Ukitumia blowa, shika mapanga kwa kidole yasizunguke, kwa maana feni ikizungushwa kwa upepo mkali huua beringi na hurudisha umeme kwenye kadi. Tope la chumvi halitoki kwa upepo. Hilo lifute kwa kijiti cha pamba kilichochovywa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 kwenda juu. Usitumie maji wala sabuni. Tazama pia mapezi ya aluminiamu chini ya feni, yale mabati membamba yanayotoa joto la chipu: ukiona unga mweupe, chumvi imeanza kula, na ukiona kijani kwenye pini za soketi ya feni, safisha hapo kwanza. Wakati mwingine feni ni nzima na ugonjwa uko kwenye pini.

Kuna jaribio moja nalipenda kwa sababu linamaliza ubishi. Kama kila feni ina plagi yake, zibadilishe: iliyosimama ichomeke palipokuwa na inayozunguka. Ikiendelea kusimama, feni ndiyo mbovu. Ikizunguka, kasoro iko kwenye kadi, na hiyo ni kazi ya fundi mwenye bisibisi na pasi ya kulehemu. Kwa uzoefu wangu huwa ni feni.

Kwa ile inayonguruma, banjua stika ya katikati upande wa nyuma. Ukikuta kitundu au kifuniko cha mpira, tia tone moja la mafuta ya cherehani, zungusha kwa kidole, ongeza la pili kama limenyonywa, futa uso mpaka ukauke kabisa, rudisha stika. Ukikuta bamba lililozibwa, acha. Feni nyingi za siku hizi zimefungwa, na kuzilazimisha ni kuvunja. Mafuta hukununulia muda tu, miezi ikiwa una bahati, wakati unaagiza feni mpya.

Na kuagiza kunataka macho. Usimwambie muuzaji jina la kadi peke yake, kwa sababu kadi ya jina moja hutoka na feni tofauti. Soma stika ya kitovu: kuna namba ya feni yenyewe, volti (12 kwa kawaida) na ampea, kwa mfano 0.35. Pima kwa rula upana wa mapanga kutoka ncha hadi ncha, na umbali kati ya matundu ya skrubu. Hesabu nyaya: mbili, tatu au nne. Nne ndizo zinazoiruhusu kadi kupanga mwendo vizuri. Angalia plagi, kwa maana zipo ndogo na ndogo zaidi. Baadhi ya kadi feni moja huzunguka kulia na ya pili kushoto, kwa hiyo piga picha pande zote mbili umtumie muuzaji, iwe ni wa Mombasa au wa Luthuli Avenue kule Nairobi. Nunua zote mbili hata kama moja bado inazunguka. Bei ya jozi ni sehemu ndogo sana ya bei ya kadi, na kungoja mzigo mwingine ufike Mokowe kisha uvushwe kwa boti ni kupoteza wateja.

Kama mzigo utachelewa, kuna njia ambayo watu huidharau na mimi naitetea. Fungua gamba la plastiki pamoja na feni zake mbovu, ubakize mapezi. Chukua feni mbili za kawaida za kasha, za milimita 92 au 120 kulingana na urefu wa kadi, zifunge juu ya mapezi kwa vifungo vya plastiki, upepo ukielekea kwenye mapezi, na uzichomeke kwenye soketi za feni za madabodi. Madabodi haitajua joto la kadi, kwa hiyo ziweke kasi ya kudumu. Hazipendezi machoni na zitakula nafasi ya soketi ya jirani, lakini ni kubwa, zina kelele kidogo, na zinapatikana hata duka dogo. Kadi kadhaa zimefanya kazi hivyo hapa kwangu muda mrefu na joto lake likawa chini kuliko lilivyokuwa na feni zake za kiwandani. Hakikisha tu gamba linatoka bila kung'oa mapezi. Mapezi yakitoka itabidi upake kwenye chipu pesti mpya ya kupitishia joto hadi kwenye mapezi.

Na hamisha meza, mwanangu. Mbali na dirisha la baharini, hata ukiikosa ile hewa nzuri. Ukimaliza kazi, ngoja ipoe ndipo uifunike kwa shuka.

SWALI: Bi Fundi, mwanangu alinunua kompyuta ya mkono wa pili ya gemu. Tukiwasha, feni za kadi hazizunguki kabisa. Tuliipeleka mahali hapa mjini tukaambiwa kadi imekufa, na mwenye duka akataka kuinunua kwa bei ya chuma chakavu. Tuuze? – Mama wa kijana, Maweni, Malindi

JIBU: Dada yangu, usiuze. Kadi nyingi zilizotoka tangu katikati ya miaka ya 2010 zimetengenezwa feni zisizunguke mpaka joto lifike takriban nyuzi 50 au 60. Ukiwasha tu na kutazama, utaona zimesimama, na ndivyo zinavyotakiwa kuwa. Mwambie kijana afungue gemu nzito, akae dakika kumi na kipimo cha joto (kimo kwenye MSI Afterburner niliyoitaja juu) kikiwa wazi. Feni zikianza kuzunguka, kadi ni nzima. Joto likipita 70 na bado zimesimama, azime na asome jibu la hapo juu. Na fundi anayetangaza kifo cha kadi inayoonyesha picha kwenye skrini, kisha papo hapo akatoa pesa ainunue, anakutendea ubaya. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu naletewa kesi kama hizi, na mara nyingi ni akina mama waliojinyima.

SWALI: Naweza kutia mafuta ya nazi kwenye feni? Mafuta ya cherehani sina. Rafiki yangu naye ananishauri ile dawa ya kupuliza ya kulegezea nati. – Kijana, Mambrui

JIBU: Yote mawili usitie. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya takriban nyuzi 24, na chumba chenye kiyoyozi hufika hapo kwa urahisi. Feni iliyozunguka mchana inaweza kukataa kuanza asubuhi. Dawa ya kulegezea nati huosha mafuta yaliyobaki, kisha yenyewe hukauka; feni itakuwa kimya siku chache halafu itaanza kulia zaidi ya mwanzo. Mtafute fundi cherehani yeyote hapo Mambrui umwombe tone moja kwenye ncha ya sindano. Linatosha.