Kapo ya kwanza: springi au skrubu?

Umeuliza ununue kapo gani ya kwanza, yaani kile kibanio kinachofungwa kwenye shingo ya gitaa ili kubana nyuzi na kupandisha sauti yake: ya springi au ya skrubu? Kwa anayeanza kupiga gitaa na kutunga nyimbo ningechukua ya springi. Unaihamisha kwa mkono mmoja, na kwa mtunzi hilo si jambo dogo: ukiona wimbo uko chini mno kwa sauti yako, unaisogeza freti moja mbele (freti ni kila nafasi kati ya vyuma vinavyokatiza shingo) na kuimba tena kabla wazo halijakutoroka. Kila freti ni nusu toni. Kapo ikiwa freti ya 2, vidole vinavyoshika kodi ya G (sauti kadhaa zinazopigwa pamoja) vinatoa A, na ile F#m inayowatesa wengi unaipata kwa kushika Em tu.

Kasoro ya springi ni kwamba nguvu yake haibadiliki. Ikibana mno, nyuzi zinapanda sauti kidogo na gitaa linasikika kama halijatyuniwa. Ya skrubu unakaza kadiri unavyotaka, ila kuihamisha kunachukua muda.

Lakini kabla ya kulipa, angalia shingo ya gitaa lako! Gitaa la nyuzi za nailoni kwa kawaida lina shingo pana na bapa, kwa hiyo linataka kapo bapa. Ile yenye mpindo, ya gitaa la nyuzi za chuma, inaweza kuziacha nyuzi za katikati bila kubanwa vizuri.

Ukiifunga, iweke karibu kabisa na chuma cha freti, nyuma yake, kisha piga uzi mmoja mmoja usikie kama kuna unaokwaruza. Kapo za kubana nyuzi chache zipo pia, tamu kweli, ila hizo baadaye.